Msinunue kifaa ambacho draiva yake imefungwa kwa prosesa moja: barua ya wazi kwa bodi za zabuni Zanzibar

Chake Chake, Pemba

Kwa: Waheshimiwa wenyeviti na wajumbe wa bodi za zabuni zinazonunua vifaa vya kompyuta kwa ajili ya skuli, vituo vya afya na ofisi za umma, Unguja na Pemba

Nakala: Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar

Waheshimiwa,



Mimi ni fundi na mwalimu wa kompyuta, na kazi yangu iko hapa Chake Chake. Najua fedha mlizokabidhiwa ni chache na mahitaji ni mengi, na najua kila karatasi mnayoitia saini leo mkaguzi ataifungua kesho. Kwa heshima nasema wazi: masharti ya kiufundi mnayoyaweka kwenye zabuni za kompyuta yanahesabu inchi za kioo, ukubwa wa memori na kasi ya kuchapa, lakini hayaulizi habari za draiva. Na draiva ndiyo inayoamua kama printa mliyoinunua itatumika miaka mingi, au itakufa siku ile ile itakapokufa kompyuta iliyokuja nayo.

Kwa mjumbe asiye wa fani hii: draiva ni programu inayokaa baina ya mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, na kifaa chenyewe. Printa, skana, kisoma alama za vidole, modemu, kadi ya mtandao, kila kimoja kina yake. Bila draiva, mfumo haujui kifaa kinasema nini. Na draiva huandikwa ili iendeshwe na prosesa ya aina fulani. Kompyuta nyingi za mezani zina prosesa za familia ya Intel na AMD. Simu zetu karibu zote, na zile kompyuta ndogo za ukubwa wa kiganja zinazoletwa maskulini, zina prosesa za familia ya ARM. Ruta za bei nafuu zimetumia MIPS miaka mingi. Sasa inaingia RISC-V, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010. Mwandishi makini wa draiva huandika msimbo mmoja, yaani maandishi ya programu, unaoweza kujengwa upya kwa familia zote hizo. Aliyeharakishwa na bosi wake huandika kwa familia moja, akatia faili kwenye CD, kazi ikaishia hapo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnalipia kifaa, mnaachiwa faili lisilofunguka.

Skuli moja hapa kisiwani ilipewa kompyuta ndogo za ARM. Zilichaguliwa kwa busara. Chaja ya kompyuta ya namna ile ni ya wati 15, kwa hiyo paneli chache za sola huendesha darasa zima umeme unapokatika. Na umeme wa Pemba, ambao tangu 2010 unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, bado hukatika. Huko Bara, skuli za sekondari za Karatu zimetumia kompyuta za Raspberry Pi kwa sola kwa mtindo huo huo. Kisha, kwa zabuni nyengine, ikaletwa printa na kisoma alama za vidole cha kuhesabia mahudhurio. Boksi limeandikwa kwamba kifaa kinakubali Linux. Ndani ya CD mlikuwa na faili moja lililokwisha kutengenezwa kwa ajili ya Intel ya biti 32, bila msimbo wake. Kompyuta ya ARM haiwezi kuliendesha faili hilo, kwa sababu maagizo yaliyomo ndani ni ya prosesa nyengine kabisa.

Lau tungekuwa na msimbo chanzo, kazi ya kuujenga upya ingefanyika hapa hapa, na vijana wangu wangejifunza humo. Nilimwandikia wakala wa kifaa. Jibu lake lilikuwa tununue kompyuta nyengine. Yaani kifaa cha bei ndogo kiilazimishe skuli kutafuta mashine ya bei kubwa inayokula umeme zaidi, kwa sababu tu kiwandani hakuna aliyeambiwa kwamba mnunuzi atauliza.

2. Hata msimbo unapotolewa, mara nyingi umeandikwa kana kwamba hakuna prosesa nyengine duniani.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo, na wauzaji wanapenda likae gizani.

Chukueni mpangilio wa baiti. Namba kubwa hugawiwa kwenye baiti kadhaa. Prosesa za Intel huweka baiti ndogo mbele. Nyengine, kama PowerPC za Macintosh za zamani na baadhi ya MIPS zilizomo kwenye ruta, hutanguliza kubwa. Ni kama ukurasa mmoja kupewa msomaji wa khati za Kiarabu anayeanzia kulia na msomaji wa khati za Kirumi anayeanzia kushoto. Kadi ikiandika namba 1 kwenye baiti nne, draiva isiyojihadhari ikaisoma kinyume, itapata 16,777,216. Dawa yake inajulikana zamani. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, ina agizo liitwalo le32_to_cpu: kwenye Intel halifanyi chochote, kwenye prosesa ya mpangilio wa pili linapindua baiti. Ni neno moja la kuongeza mahali panapostahiki, na anayeliacha haokoi muda wowote.

Mpangilio wa memori ndio unaoniumiza kichwa zaidi. Draiva ya kadi ya mtandao huandika taarifa kwenye memori, kisha huijulisha kadi kwamba taarifa ziko tayari. Intel hulinda utaratibu huo: kilichoandikwa mwanzo kitaonekana mwanzo. ARM haikuahidi hivyo. Kwa ajili ya kasi, inaweza kukiacha cha pili kionekane kabla ya cha kwanza, isipokuwa draiva iweke kizuizi baina yao. Draiva isiyo na kizuizi itafaulu majaribio yote kwenye maabara ya mtengenezaji yenye mashine za Intel tupu. Ikifika huku kwenye ARM itakwenda vizuri asubuhi yote, kisha saa nane mchana kadi itachukua taarifa ambayo haijakamilika. Ukurasa unatoka nusu. Jina la mgonjwa linaingia limeharibika. Ukijaribu tena, hakuna kosa. Mwalimu atalaumu umeme, fundi atabadilisha waya, mkuu wa skuli ataandika ripoti kwamba vifaa ni vibovu, na kosa lenyewe liko kwenye mstari mmoja ambao mtu asiyepata kuigusa ARM hakuuandika. Wanaotumia maagizo ya pamoja ya keneli, kama vile writel, huletewa kizuizi hicho bila hata kukifikiria. Wanaojifanyia njia ya mkato wanatuachia sisi hasara.

Yapo na madogo yanayoua vilevile. Kuna waliozoea kwamba kurasa za memori ni za baiti 4,096, wakaiandika namba hiyo moja kwa moja ndani ya msimbo. Raspberry Pi 5, iliyotoka 2023, inakuja na keneli yenye kurasa za kilobaiti 16, na programu kadhaa zilizojengwa juu ya dhana ile zilianguka. Kuna aina ya data iitwayo char katika lugha ya C, ambayo kwa kawaida kwenye Intel hubeba namba hasi na kwenye ARM haibebi: draiva ikirudishiwa -1 kama ishara ya kosa, kwenye ARM inaona 255, inadhani mambo shwari, inaendelea. Keneli ya Linux tangu toleo la 6.2 la mwaka 2023 imelazimisha kanuni moja kwa prosesa zote ili mtego huo uondoke. Nimeyataja haya ili mjue kwamba tunachokidai kina majina, na kinaweza kukaguliwa.

3. Mnanunua kana kwamba prosesa ya leo itabaki milele.

Haikupata kuwa hivyo. Apple imehama mara tatu: kuanzia 1994 kwenda PowerPC, kuanzia 2006 kwenda Intel, na tangu Novemba 2020 kwenda prosesa zake za ARM. Windows ya biti 64 haikubali draiva za biti 32, na skana nyingi nzima zilitupwa kwa sababu hiyo peke yake. Kompyuta za Windows zenye ARM zinaweza kuiga Intel ili kuendesha programu za kawaida, lakini draiva zinazokaa ndani ya keneli haziigizwi. Lazima ziwe zimejengwa kwa ARM yenyewe. Kwa hiyo anayesema "ofisi yetu ni ya Windows tu, haya hayatuhusu" hajasalimika. Tena msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Hizo zitahamia Linux au zitatupwa. Draiva ndizo zitakazoamua.

Mashine za maabara ndizo zinazonitia hofu zaidi. Kisiwa hiki kina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoanza mwaka 2000, ambayo kazi zake juu ya kichocho na minyoo zinasomwa duniani kote. Kifaa cha maabara hudumu kuliko kompyuta mbili tatu zinazokaa kando yake. Kila kifaa cha namna hiyo kinachonunuliwa popote Zanzibar kikiwa na draiva iliyofungwa, kinafupishiwa umri na kitu kisichozidi faili moja.

4. Mnaambiwa haiwezekani, na mnakubali.

Linus Torvalds alipoitangaza Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, alisema mwenyewe kwamba haihamishiki, imefungamana na prosesa ya 386 ya Intel. Miaka minne baadaye, toleo la 1.2 la mwaka 1995 lilikuwa na njia ya kwenda prosesa za Alpha, SPARC na MIPS. Kilichobadilika ni nidhamu ya kuandika: mambo yanayohusu prosesa yakatengwa upande wake, draiva zikabaki juu zikizungumza na prosesa kupitia maagizo ya pamoja. NetBSD, mfumo endeshi mwengine ulioanza 1993, ulilifanya jambo hilo kuwa ndiyo shabaha yake. Draiva yake ya kadi ya mtandao haiigusi kadi kwa mkono, bali huomba kupitia tabaka la kati liitwalo bus_space, na draiva hiyo moja huhudumia mashine za koo mbalimbali. Leo keneli ya Linux ndiyo iliyomo kwenye simu za Android za wauza samaki wa Wete, na tangu Novemba 2017 imo kwenye kompyuta kuu zote 500 zinazoongoza duniani kwa kasi.

Mfano ulio karibu na maisha yetu ni waya wa USB wenye chipu ya PL2303 ya kampuni ya Prolific, unaounganisha mizani, mashine za stakabadhi na vipimo vya hospitali na kompyuta. Draiva mpya za Windows za mtengenezaji zilizikataa chipu za zamani, zikamwonesha mtumiaji ujumbe kwamba chipu hiyo imeondolewa tangu 2012, awasiliane na aliyemuuzia. Draiva ya Linux ya chipu hiyo, ambayo msimbo wake uko wazi na umeandikwa kwa nidhamu niliyoieleza, inaendelea kuzihudumia za zamani na za sasa, kwenye Intel, kwenye ARM na kwengineko. Waya ni ule ule. Tofauti yote iko kwenye namna draiva ilivyoandikwa na nani anaruhusiwa kuishika.

Wala Waswahili si wageni wa kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Uliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hakuna aliyesubiri ruhusa ya kiwanda.

5. Taka zinabaki kwetu.

Kila printa nzima iliyokosa draiva inawekwa stoo. Kuirudisha kwa meli kutoka Mkoani ni gharama, na hapa hakuna anayeitaka. Hewa ya chumvi humaliza kilichobaki.

Nimesikia majibu yenu, wengine mmeniambia ana kwa ana. La kwanza ni kwamba bei itapanda. Haipandi kwa kiasi mnachokihofia, kwa sababu hatuombi mtu aandike draiva mpya kwa ajili ya Pemba. Vifaa vingi vilivyoko sokoni tayari vina draiva ndani ya keneli ya Linux, na vyengine havihitaji draiva yake peke yake: flash disk inafanya kazi kwenye mashine yoyote kwa sababu zote zinafuata kanuni moja ya USB, na kamera nyingi za USB ni hivyo hivyo. Printa zinazofuata kanuni ya IPP Everywhere huchapa bila draiva ya kiwanda. Kazi ni kuchagua, na kuchagua ndiyo kazi yenu. La pili ni kwamba sisi ni wadogo, kiwanda hakitatusikiliza. Skuli moja haisikilizwi, kweli. Zabuni ya wizara inayohusu skuli za Unguja na Pemba kwa pamoja, yenye sharti lililoandikwa na kusainiwa, msambazaji wa Dar es Salaam ataisoma mara mbili kabla ya kuleta boksi lisilofaa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, kila zabuni ya kifaa kinachounganishwa na kompyuta iwe na kifungu hiki: draiva iwe tayari imeingia kwenye keneli rasmi ya Linux, au kifaa kifuate kanuni ya pamoja isiyohitaji draiva ya kiwanda, au mzabuni akabidhi msimbo chanzo wa draiva kwa leseni inayoturuhusu kuujenga upya na kuurekebisha. Neno "inakubali Linux" kwenye boksi lisihesabiwe kuwa ni jibu.

Pili, na hili ndilo ninalolitaka kuliko yote: kamati ya ukaguzi na mapokezi isipokee kifaa mpaka kifanye kazi mbele yake kwenye mashine mbili za familia tofauti, moja ya Intel au AMD na moja ya ARM. Ichape kurasa mia kwenye kila moja, isome vidole vya watu kadhaa, ihamishe faili kubwa. Jaribio hilo halihitaji mtaalamu kutoka nje, linahitaji meza na nusu siku, na linafichua makosa mengi niliyoyaeleza hapo juu, ijapokuwa si yote. Mashine ya ARM ya kufanyia jaribio hilo ni rahisi kuliko katriji kadhaa za wino.

Tatu, pale ambapo kifaa ni cha lazima na mtengenezaji hakubali kabisa kuufungua msimbo, kama inavyotokea kwa mashine za hospitali, mkataba umtake aweke nakala ya msimbo kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, ifunguliwe pindi atakapoacha kukihudumia kifaa hicho.

Nne, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume wapewe orodha ya vifaa vilivyokwama stoo, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wapewe kimoja kimoja kama kazi ya mtihani: kuihamisha draiva yake. Hawahitaji maabara ya gharama. Programu ya QEMU, ya bure tangu 2003, huigiza ARM, MIPS, PowerPC na RISC-V ndani ya kompyuta ya kawaida ya Intel, kwa hiyo kijana wa Micheweni mwenye laptop moja anaweza kujua jioni hiyo hiyo kama msimbo wake umeanguka kwenye prosesa inayosoma kinyume. Kisha warejeshe marekebisho yao kwenye keneli rasmi, ili yatunzwe na wenzao duniani na yasipotee mwanafunzi anapohitimu.

Haya hayangoji sheria mpya. Kifungu cha kwanza kinaingia kwenye ukurasa mmoja wa masharti ya kiufundi, na jaribio la mashine mbili linaingia kwenye fomu ya mapokezi ambayo tayari mnaijaza.

Zabuni ijayo ikifika hatua ya sampuli, nileteeni. Nina mashine zote mbili mezani, na vijana wanaojua kuzitumia. Tutakijaribu kila kifaa bila malipo, tutaandika kilichofaulu na kilichoanguka, na tutawakabidhi matokeo kabla mzigo haujapakiwa melini kuja Pemba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi na mwalimu wa kompyuta
Chake Chake, Pemba